Kiti Kisichoombwa

Siku yangu ya kwanza kazini Garissa nilifika nimevaa sweta. Nilikuwa nimetoka kwetu Wundanyi, milima ya Taita, ambako asubuhi kuna baridi ya kweli, na hakuna mtu aliyeniambia kwamba ukishavuka daraja la Tana sweta ni adhabu. Mkuu wa Chuo, bwana mrefu aliyependa kuongea akiwa amesimama, alinitazama akasema, "Mwalimu Mghoi, hiyo utaivua kabla ya chai." Niliivua kabla hata ya kukaa.

Miaka hiyo ya tisini mkoa mzima wa Kaskazini Mashariki haukuwa na chuo kikuu. Chuo chetu cha ualimu ndicho kilichokuwa kileleni, na sisi wakufunzi, yaani walimu wanaofundisha walimu, tulijiona maprofesa kabisa. Mimi nilikuwa msaidizi wa msimamizi wa masomo. Cheo kirefu, lakini kazi yenyewe ilikuwa kupanga ratiba, kutunza mitihani na kuwa katibu wa kamati ya mtaala.

Mtaala ni ule mpango wa nini kifundishwe na kwa saa ngapi. Wizara ilituletea mwongozo kutoka Nairobi, ila iliacha saa chache kila wiki ili chuo kijaze chenyewe, na hizo chache ndizo tulizogombania. Kila idara ilichagua mwakilishi mmoja wa kuketi kwenye kamati, naye ndiye aliyekuwa na kura. Wengine wote waliweza kunong'ona nje ya mlango tu. Nyinyi vijana mnaofanya kazi vyuoni leo mnaikimbia kamati kama mnavyoikimbia foleni ya benki. Sisi tuliitaka.

Aliyekuwa na haja nayo kuliko wote ni Mwalimu Dahir wa idara ya elimu, idara inayofundisha namna ya kufundisha. Kabla ya kuja chuoni alikuwa amesomesha miaka mingi upande wa Kutulo, katika shule yenye chumba kimoja. Watoto wa darasa la kwanza hadi la nne waliketi humo pamoja, na mvua ikinyesha mbali nusu yao waliondoka na mifugo. Waliporudi, wenzao walikuwa wamefika kwingine. Dahir alikuwa amejifunza mwenyewe kuendesha darasa la namna hiyo, akigawa ubao kwa chaki na kuwapa wakubwa kazi ya kuwasomea wadogo. Alitaka kila mwanachuo afundishwe hivyo kabla ya kuhitimu. Alinieleza jinsi mwalimu mgeni aliyetumwa Kutulo alivyochungulia chumba kile, akauliza darasa la tatu ni lipi, kisha akaondoka na lori lilelile lililomleta. Watoto walilikimbilia lori hilo wakimwita.

Muhula huo kamati ilikuwa inaamua juu ya zile saa chache. Mkuu alizitaka kwa hesabu, kwa kuwa matokeo ya hesabu yalikuwa yanatia aibu, na hoja yake haikuwa mbaya. Dahir asipokuwa kwenye kamati, hakuna ambaye angeitetea shule ya chumba kimoja.

Basi tukaitisha uchaguzi. Nchi ilikuwa imetoka kuachana na kura ya mlolongo, ile ya kupanga foleni nyuma ya mgombea unayemtaka, na kila ofisi ilikuwa na hamu ya kuonyesha kwamba inaijua kura ya siri. Nilikata karatasi, nikatafuta kasha, nikahakikisha akidi imetimia, maana yake idadi ya watu inayotosha ili kikao kihesabike. Mkuu akafungua kwa sauti yake ya paredi. "Anayetaka kiti asimame, aseme kwa nini tumpe."

Idara nyingine zilimaliza upesi. Ilipofika idara ya elimu, chumba kilinyamaza. Nilimtazama Dahir nikingoja ainuke. Alikuwa anatazama viatu vyake. Wenzake, karibu wote watu wa Garissa na Wajir, walikuwa wanatazama dirisha. Kimya kikarefuka mpaka nikasikia mbuzi nje. Mwisho akasimama Mwalimu Oduor, mcheshi mmoja wa Siaya, akasema maneno mawili matatu mazuri juu ya ushirikiano, akaketi. Akapita bila kupingwa. Hapo karatasi zangu sikuzitumia.

Mimi tangu utotoni nina ugonjwa wa kuuliza, na jambo hili lilininyima raha. Nilimfuata Dahir alipokuwa anakunywa chai ya maziwa ya ngamia pale kantini, nikamwuliza waziwazi kwa nini ameiacha nafasi aliyoililia muhula mzima. Hakukasirika.

"Walaal, dada yangu, mtu akisimama mbele ya watu aseme mimi nafaa, nipeni mimi, sisi hapo hapo tunaanza kumwogopa," alisema. "Kazi ya watu ni amana. Wewe hauombi. Watu ndio wanakuja kwako."

"Na wasipokuja?"

"Basi hawakunitaka. Nitafanya nini?"

Alisema hivyo kwa utulivu, lakini chai hakuimaliza. Nilimwonea huruma, nikamwonea na hasira kidogo. Nikaenda kwa Mwalimu Bishar, mkubwa wao kwa umri katika idara, nikamwuliza kama kweli hawakumtaka Dahir. Alishangaa. Alisema hakuna hata mmoja kati yao aliyemfikiria mtu mwingine. Sasa kwa nini hamkusema, nikauliza.

"Mkuu aliuliza nani anataka," akajibu. "Hakuuliza sisi tunamtaka nani."

Nilisimama pale kwenye veranda nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Tulikuwa tumeandaa kasha, karatasi na akidi, tukauliza swali ambalo kwa watu hawa mtu mwenye heshima hawezi kulijibu. Na kadiri mtu alivyofaa, ndivyo alivyozidi kunyamaza.

Alibaki Oduor. Nilimwendea kwa wasiwasi, nikidhani atasema ninataka kumpokonya. Akashusha pumzi. "Madam, mimi nilisimama kwa sababu kimya kilizidi," alisema. "Niliona aibu kwa ajili ya idara. Nikadhani wote wameikataa kazi." Jioni ileile alimwambia Mkuu kwamba anajiuzulu.

Mkuu hakufurahi. Alinisimamisha mbele ya meza yake na kunisomea kanuni. Nilimweleza yote niliyoyasikia, nikamwomba safari hii majina yatolewe na wengine, na anayetajwa aulizwe tu kama atakubali. Alikuna kidevu.

"Mwalimu Mghoi, kura si harusi. Mtu habembelezwi."

Nilimwambia kwamba kwa mara moja tu tumbembeleze mtu tuone. Nadhani hata yeye udadisi ulimshika, kwa sababu aliitisha kikao yeye mwenyewe na akakubali kuuliza kwa maneno yangu.

Alipouliza idara inamtaka nani, Bishar alimtaja Dahir kabla swali halijaisha. Mkono uliofuata kuinuka ulikuwa wa Dahir. Alimpendekeza Oduor. Tulicheka sote, Oduor zaidi. Kisha Mkuu akamwuliza Dahir kama anakubali, naye akasema hapana, wako wanaofaa zaidi yake. Nikaona kalamu ya Mkuu inashuka kulikata jina. Nilimgusa kiwiko, jambo ambalo mtu wa cheo changu hakupaswa kulifanya, nikamwomba amwulize tena. Akamwuliza. Dahir akakataa tena, sasa kwa sauti ya chini zaidi. Bishar akageuza kiti chake kumwelekea.

"Dahir, hakuna mtu anakuuliza kama unataka. Sisi tunakuambia kazi iko. Wale watoto wa Kutulo, wewe ukikataa, nani atasema maneno yao?"

Dahir alishika paji la uso. "Bas," alisema. "Kama ni nyinyi mmesema, nimekubali."

Kura zikapigwa kwa siri, kama sheria inavyotaka. Dahir alizipata zote isipokuwa moja, na hiyo moja ilikuwa na jina la Oduor. Sikuuliza nani aliipiga, ingawa ulimi uliniwasha.

Kikao cha kamati chenyewe nilikiandikia kumbukumbu, na ndicho kikao pekee ambacho mkono wangu ulishindwa kumfuata msemaji. Nilitarajia yule mtu wa kutazama viatu vyake. Mkuu alieleza hoja yake ya hesabu, akaeleza vizuri. Dahir akasimama. Alisema juu ya chumba kimoja, juu ya mvua, juu ya lori. Mkuu akasema, tumekusikia, Mwalimu. Dahir hakuketi. "Naomba saa mbili kwa wiki," alisema. Mkuu akasema tutaona. "Naomba. Kama mbili ni nyingi, naomba moja. Naomba tena." Mwakilishi wa sayansi akaanza kumcheka, kisha akaacha. Dahir alikuwa anaomba bila haya, mbele ya watu, mtu ambaye kwa ajili yake mwenyewe asingeweza kufungua mdomo. Kura zilipolingana alipewa saa moja, kwa kura ya mwenyekiti, ambaye alikuwa Mkuu mwenyewe. Zilizobaki zikaenda kwenye hesabu.

Baadaye nilihamishiwa Wajir kuwa mkaguzi wa shule. Mkubwa wangu huko, Afisa Elimu wa Wilaya, alinituma mara nyingi njia za vumbi, na katika shule za mbali nilianza kuwakuta walimu waliohitimu chuo chetu. Mmoja nilimkuta amegawa ubao kwa chaki. Alikuwa katika mwaka wake wa tatu hapo. Nilitoka nje nikijifanya natazama kisima, machozi yananitoka.

Sasa nimestaafu niko nyumbani, na majirani hunipa kazi ya kusimamia chaguzi zao ndogo, kamati ya maji, kamati ya shule. Wagombea husimama na kujisifu, wengine hujisifu vizuri sana. Nikichoka huwauliza jambo moja: mkikipata kiti hiki, mtamwombea nani? Wengi hukohoa. Mpaka leo sijapata aliyelijibu kama Dahir alivyolijibu siku ile kwenye kamati, na yeye hakuna aliyewahi kumwuliza.