Nusu Nyingine ya Mlinzi

Shida yangu ilianza mwaka 1978, nikiwa na miaka tisa. Baba alikufa, mama akanitoa shuleni mwaka wa tatu wa primeri na kunipeleka kwa shangazi aliyekuwa anashona. Nilifagia vipande vya nguo, nikapiga pasi ya makala ya moto, halafu nikapewa mukasi. Mashini yangu ya kwanza niliipata kwa jasho langu, na watoto wangu wote wamekula kwenye sindano yake.

Nasema hivyo ili ujue ni nani aliingia shule ya sanaa hapa Uvira mwaka juzi, kichwa kimejaa mvi. Nilikuwa nimechoka. Wateja wanakuja na picha kwenye simu, wanasema nifanyie kama hii. Nilitaka kubuni yangu. Shule ilipokea mafundi wasio na diplomu katika mwaka wa kwanza, mwaka wa msingi, ambamo kila mutu anachora, anachanganya rangi na kufinyanga udongo kabla ya kuchagua kazi yake. Kwa sisi mafundi kulikuwa na sharti: ukianguka mwisho wa mwaka mbele ya juri, walimu wanaopima kazi, unatoka. Wenye diplomu waliweza kurudia. Minye hapana.

Rangi hazikunisumbua. Udongo niliuzoea. Kuchora mutu ndiko kulikonishinda.

Siku ya kwanza ya kuchora mutu walimukalisha mlinzi wa shule kwenye kiti, muzee aliyeshuka kutoka milima ya Rurambo, ambako alichunga ng'ombe tangu utoto. Nilichora haraka. Wengine walikuwa bado wanapima kichwa, minye nimemaliza na nimekunja mikono. Prof, binti wa umri wa kitindamimba wangu, akasimama nyuma yangu.

"Mama, na upande ule mwingine?"

"Iko sawasawa na huu."

Nilikuwa nimechora nusu ya mlinzi. Nusu ya kichwa, bega moja, goti moja, na mustari ulionyooka katikati. Sisi tunakata hivyo: unakunja kitambaa mara mbili, unachora nusu ya nguo kwa kipande cha sabuni kavu, unakata, unakunjua, nguo iko nzima. Ni nani atachora mara mbili kitu kimoja?

Darasa likacheka. Kijana mumoja, aliyeniita koko kama bibi yake, akaniuliza, "Koko, huyu muzee utamushona na uzi wa rangi gani?" Lakini aliyekasirika kweli ni mlinzi mwenyewe. Alikuja kuangalia, fimbo mukononi.

"Nimekaa hapa asubuhi nzima bila kujikuna, weye unanichora nusu?"

Prof hakucheka. Aliniambia nimwangalie muzee tena, mabega yake, polepole. Nikaangalia. Bega la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, tena sana. Alivyokaa, hata masikio hayakuwa kwenye mustari mumoja. Prof akasema juri haitapokea nusu, na haitapokea nusu moja iliyochorwa mara mbili.

Nilirudi nyumbani Rugenge na hasira. Kesho yake nilikuwa darasani kabla ya wote.

Nilijua macho yangu yako mazima. Mukono ndio ulikuwa mukaidi: kila nilipofika upande wa pili, ulirudia upande wa kwanza, kama unafuata mukunjo. Basi nikaufungia njia. Nilipomaliza upande mumoja niliufunika na kitambaa cha kikwembe, nikachora wa pili bila kuona wa kwanza, nikimuangalia mutu tu. Kila saa ya kula nilimuomba mlinzi akae. Nilimuletea mihogo na ndagala, samaki wadogo wa ziwa, akakaa. Karatasi za kwanza zilitisha, nusu mbili kama watu wawili waliogombana shingoni. Sikuacha. Vijana waliacha kucheka, wakazoea kunikuta pale na makala ya kuchorea kwenye pua.

Siku moja muzee aliinuka, akaangalia karatasi, akaigusa pale begani.

"Sasa ni minye. Bega hilo liliumia nikibeba ndama mugonjwa, tulikuwa tunapanda mulima kwenda Bijombo."

Mbele ya juri nilibandika karatasi ile. Pembeni yake nikabandika ile nusu ya siku ya kwanza. Mumoja wao alisema niitoe, inachafua kazi. Nikamujibu kwamba nilikotoka ni hapo, na kwamba haitoki. Wakasema mikono ninayochora bado inafanana na glavu. Ni kweli, inafanana. Wakaandika alama, wakaniambia ningojee nje.

Majina yalipobandikwa, langu lilikuwa la mwisho kati ya waliopita. Wa mwisho amepita.

Leo niko mwaka wa pili, upande wa mitindo. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma, mashini tatu za kushona, moja ya mukono na mbili za miguu. Nina pasi ya makala ya shangazi. Nina meza ya kukatia, ambayo sasa ninachoria pia. Nina mishono minne niliyobuni mwenyewe. Na ukutani nina mlinzi, muzima.