Nesi Tekla na Mume wa Kupigiwa Makofi

Nesi Tekla wa zahanati moja huko Kilolo ana mikono ya moto. Wajawazito wenyewe ndio wanaomsifia, maana baridi ya asubuhi huko haina adabu, na nesi mwenye viganja vya barafu humrusha mtoto tumboni. Mdomo pia anao. Mwanaume akimsindikiza mkewe kliniki huku ananuka pombe, hurudishwa nyumbani akaoge, awe nani awe nani.

Pale kliniki, mama aliyekuja na mumewe huhudumiwa kwanza. Hata hivyo wanaume walikuwa wagumu, basi Tekla akaongeza na makofi ya pongezi kwa kila mume aliyekuja. Hakuna aliyepigiwa mengi kama Liberatus, mkulima wa viazi, ambaye hakukosa kliniki hata moja ya mkewe Anjela. Alimbebea mkoba, alimshika mkono penye utelezi, na ukimuuliza Anjela amekula nini, Liberatus ndiye anayejibu. Anjela hutazama sakafu.

"Mume ndiye huyu!" Tekla aliwaambia wengine. "Nyie mnasubiri nini?"

Nyumba njema si mlango, lakini Tekla aliusifia mlango ule miezi na miezi.

Ndipo wauguzi wakaitwa mafunzoni Iringa mjini. Wakaambiwa kila mjamzito aulizwe kama nyumbani anapigwa au anatishwa, kwa kuwa kipigo huharibu mimba, na wengi hawasemi mpaka waulizwe. Aulizwe akiwa peke yake, mlango umefungwa. Hilo la mlango Tekla aliliona la watu wa mjini. Kijijini wote ni ndugu, nani amfiche nani?

Basi kliniki iliyofuata akauliza palepale, waume wamekaa kando. Alipomfikia Anjela akacheka mwenyewe. "Wewe nakuuliza kutimiza wajibu tu. Kuna anayekupiga?"

"Hakuna," Anjela akasema. Liberatus naye akacheka.

Haikupita wiki, wakarudi kabla ya tarehe yao. Kifundo cha mkono wa Anjela kilikuwa kimevimba.

"Kateleza kisimani," Liberatus akaeleza. "Njia zenyewe si unazijua, nesi."

Tekla alipotaka kuushika, Anjela akauficha mkono chini ya kitenge, na macho yake yakaenda kwanza kwa mumewe, kama anaomba ruhusa. Tekla akalikumbuka lile la mlango.

 Alitoka hadi barazani akatangaza utaratibu mpya: kuanzia leo, kupima tumbo mama anaingia peke yake, hata mke wa mtendaji wa kata. Na huyo wa mtendaji ndiye aliyemwingiza wa kwanza, asije Liberatus akaona amelengwa.

Zamu ya Anjela ilipofika, Tekla alifunga mlango, akaweka viganja juu ya tumbo. "Mwanangu," akanong'ona, "mkono umefanywa nini?"

Mtoto akacheza chini ya viganja vile.

"Nesi, ile siku uliniuliza mbele yake. Tumefika nyumbani, akasema kwa nini nesi akuulize hivyo, umemwambia nini. Ndiyo mkono huu."

Tekla alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nisamehe, mama. Nisamehe sana. Na bado umerudi kwangu?"

"Nimerudi kwa sababu uliuliza. Tangu niolewe hakuna aliyewahi kuniuliza. Sio mama, sio katekista."

Tekla akamweleza haraka haraka. Hospitali kubwa ya Iringa ina nyumba ya akina mama wanaosubiri kujifungua, na yupo Sabina, afisa ustawi wa jamii, wa kumsaidia. Shida ni mume. Tekla atamwombaje ruhusa?

"Usimwombe," Anjela akasema. "Msifu. Mbele ya watu. Yule akisifiwa mbele ya watu hakatai kitu."

 Huyu ambaye Tekla alimdhania hawezi kujibu hata swali la ugali, kumbe miaka yote hiyo alikuwa anamsoma mumewe kama mkulima anavyosoma mawingu. Tekla alimtazama kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa daktari yeyote.

Akatoka nje. "Jamani! Anjela ameanguka, mtoto anatakiwa kuangaliwa hospitali kubwa. Wengine hapa wangeanza ubishi. Bwana Liberatus? Thubutu! Yeye anajali. Gari la wagonjwa linakuja leo hii!"

Wanaume wakapiga makofi. Liberatus alifungua mdomo, akawatazama, akaufunga. "Ni kweli," akasema mwishowe. "Afya kwanza." Tekla akajilazimisha kutabasamu. Garini palikuwa na nafasi moja tu ya msindikizaji, na Devotha, muuguzi mwenzake, alikuwa ameshaikalia.

Siku zikapita. Asubuhi moja ya kliniki Sabina akapiga simu.

"Mgonjwa wako kajifungua salama, wa kike. Leo nilitafuta mtu wa kumsindikiza polisi, dawati la jinsia. Naenda wodini kumchukua, kitanda kitupu! Kumbe ameshakwenda, mtoto kifuani, akaandikisha maelezo yote."

"Peke yake?"

"Peke yake, dada."

Tekla alikaa kwenye kitanda cha kupimia, simu mkononi, akashindwa hata kumwita mama anayefuata.