Mzee Aliyeapa Kwamba Yu Hai

Kila Ijumaa jioni, mahakama zikishafungwa, chama chetu cha mawakili hapa Tabora hukutana katika ukumbi mdogo nyuma ya hoteli moja, si mbali na stesheni. Ajenda hazibadiliki. Kwanza mada fupi ya sheria, ambayo nusu ya watu huilalia, kisha mengineyo, mwisho habari za wanachama: nani kaoa, nani kajifungua, nani kafiwa, nani kalazwa. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo mimi ndiye ninayezisoma, na tangu nianze kuzisoma sijaona watu wakitega masikio ila kwenye harusi, kwa sababu ya pilau.

Mwaka ule jina moja lilikaa kwenye orodha ya wagonjwa hadi likazoeleka. Lilikuwa jina la mzee aliyenipokea nilipotoka chuo, akanipa meza ofisini kwake, akanifundisha kusimama mbele ya hakimu bila kutetemeka magoti. Alikuwa Mnyamwezi wa Sikonge, mtoto wa mrina asali, na hasira zake zilikuwa za nyuki: haraka, kali, zikaisha. Ini lilikuwa limemgeukia. Kila Ijumaa nilisema, "Mzee wetu bado amelazwa, tumkumbuke katika sala," nao wakasema amina, mmoja akaongeza kwamba lazima tupange siku twende wote kumwona. Siku hiyo haikupangwa. Wodi yenyewe unafika kwa miguu ukitoka mahakamani, hata jua halijakuchoma.

Nilikuwa nikienda mimi, na mkewe alikuwepo muda wote, kaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa maana viti vya wodini huwa vina wenyewe. Mzee hakuwa akizungumzia ugonjwa. Alizungumzia rufaa moja tu, ya mama mmoja mjane wa Ulyankulu aliyenyang'anywa shamba la tumbaku na shemeji zake. Baraza la ardhi lilikuwa limewapa shemeji ushindi, na mzee alikuwa ameibeba kesi ile miaka mingi, ikiahirishwa, ikipotea, ikirudi. Sasa ilikuwa imepangiwa kusikilizwa Mahakama Kuu.

"Daktari kaniambia ukweli wangu," alisema siku moja. "Sidai mengi. Nataka kusimama kwa hili moja, nivae joho, niseme, nikae. Likiisha, mwanangu, mnirudishe Sikonge."

Nilimwambia atasimama. Niliamini hivyo kwa moyo wote.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa Urambo kwa kesi ya mteja mwingine, na simu nilikuwa nimeizima kama inavyotakiwa. Mwenyekiti wetu, kwa kuwa sikuwepo, aliamua kuandaa habari za wanachama mwenyewe. Akampigia mtu anayemfahamu pale hospitali amchungulie mzee. Yule mtu akachungulia, akarudi na jibu: kitanda kitupu, godoro limekunjwa. Hakuuliza zaidi. Ukweli ni kwamba mkewe alikuwa ameomba mzee ahamishiwe chumba cha pili, penye dirisha, apate hewa.

Hawa ni watu ambao kutwa nzima wanarukaruka mahakamani wakipinga ushahidi wa kusikia. Shahidi akisema tu "niliambiwa," wanasimama kama waliokalia siafu. Mchana ule hakuna aliyesimama. Mwenyekiti aliandika katika kundi letu la simu, "Kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha wakili msomi mwenzetu," na rambirambi zikamiminika. Nilipowasha simu nje ya mahakama ya Urambo, vumbi likinipiga usoni, nilikaa kwenye ngazi nikausoma ujumbe ule mara mbili. Halafu nikampigia mkewe, nikijiuliza nitaanzaje.

"Yupo, anakunywa uji," alisema. "Kwani vipi?"

Mzee alikuwa keshajua. Naye yumo kwenye lile kundi, na simu yake ilikuwa imelia kifuani kwake adhuhuri yote. Nilipofika jioni nilimkuta kavaa miwani anasoma.

"Kumbe nilikuwa mtu mwema," aliniambia. "Sikujua. Nguzo ya taaluma, mimi huyu." Alicheka hadi akakohoa. Kisha akanisogezea simu, akanionyesha ujumbe wa mmoja aliyeandika kwamba moyo wake umepasuka na kwamba hatamsahau milele. "Na huyu? Bati la nyumba yake ndilo lile, linaonekana hapa dirishani." Hakucheka tena. Mkewe alimpokonya simu, akaifunga kwenye kanga.

Mwenyekiti aliomba radhi kundini kwa mstari mmoja, watu wakaweka vile vikatuni vya mikono iliyounganishwa, yakaisha. Lakini hayakuwa yameisha. Chama ambacho huchukua mwaka mzima kuamua rangi ya viti kilikuwa kimeandika barua kwa msajili wa mahakama mchana uleule, kumjulisha kwamba wakili wa mrufani amefariki na kwamba jalada lake litashikwa na mimi, kwa kuwa tuko ofisi moja. Karani alikuwa amekwisha kuiingiza. Nilipokwenda kusema kwamba mzee yu hai, alinitazama kwa huruma.

"Nakuamini, dada, ila kumbukumbu za mahakama zinasema marehemu," alisema. "Leteni hati ya kiapo."

Nilitamani kupiga meza. Mzee, nilipomweleza, alifurahi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Aliruhusiwa kutoka siku mbili tatu baadaye, na kabla ya kwenda nyumbani akataka bajaji impeleke ofisini kwa mwenyekiti, si kwingine. Mwenyekiti ni kamishna wa viapo, na mzee alitaka agongewe muhuri na yeye. Hati alikuwa ameitunga mwenyewe wodini, akanisomea nikaichapa: "Mimi, mtu mzima, Mkristo, mkazi wa Tabora, naapa na kueleza kwamba niko hai, na kwamba jambo hili nalijua mwenyewe, sikuambiwa na mtu."

Aliapa kwa Biblia, amesimama, mkewe kamshika kiwiko. Katika hati zetu kuna mahali ambapo kamishna hueleza kama anamfahamu mwapaji yeye mwenyewe au ametambulishwa kwake na mtu mwingine.

"Hapo jaza vizuri, msomi," mzee alisema. "Unanifahamu, au nitambulishwe?"

Mwenyekiti alijaza kwamba anamfahamu. Alisahau kutia wino kwenye muhuri ikabidi agonge tena.

Mahakama ikaipokea hati, kumbukumbu zikasahihishwa, na mimi nikajua basi tumevuka. Nilikuwa nimemsahau mama wa Ulyankulu. Yeye habari ilikuwa imemfikia kwa mpwa wake anayekaa mjini, na alikuwa amekaa matanga nyumbani kwake kwa ajili ya wakili wake, kama anavyokaliwa ndugu. Nilipompigia kumweleza alinijibu taratibu, "Usinifariji kwa uongo, mwanangu. Mtu akishakufa, kafa. Wewe nitetee tu."

Siku ya rufaa tulimkuta kwenye korido ya Mahakama Kuu, kavaa vitenge viwili, rozari shingoni. Mzee alikuwa amevaa joho lililomzidi kila upande, kwa jinsi alivyokwisha. Mama alipomwona alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Shikamoo, mama," mzee alimwamkia, ingawa umri wao ulikuwa mmoja. Ndivyo alivyowaamkia wateja wake wote wanawake.

Mama alishika rozari yake. Alimkazia macho muda mrefu, machozi yakimtoka.

"Mzee wangu, nimefurahi kukuona, Mungu ni shahidi," alisema mwishowe. "Lakini nimeshakulilia. Nimeshakuombea misa. Shamba la wanangu siwezi kuliweka mikononi mwa mtu niliyeshamlilia. Naogopa. Acha asimame huyu binti."

Nilianza kubisha. Nilisema kesi anaijua yeye, mimi nimesoma tu, tena ameapa, tena mahakama imekubali. Mzee aliniwekea mkono begani. Alisema mteja ndiye anayechagua wakili, na kwamba kama sijui hilo basi alinifundisha bure. Akavua joho, akalikunja, akampa mkewe, akaenda kukaa kwenye mabenchi ya nyuma pamoja na wasikilizaji.

Nikasimama mimi. Nilisema yote tuliyoyaandika pamoja, na niliyasema vizuri, na sijawahi kuionea uchungu sauti yangu kama siku ile. Baadaye hukumu ilikuja upande wetu, mama akarudishiwa shamba. Siku ile ya rufaa mzee alinipa mkono tulipotoka, akasema, "Umesema." Basi. Kwenye bajaji alikuwa kageukia upande mwingine hadi kwake.

Wiki iliyofuata mkewe alimpeleka Sikonge, kwenye nyumba ya ukoo. Nilikwenda kumwona siku ya Alhamisi, na alfajiri ya Ijumaa alikufa nikiwa palepale. Mkewe alipokuwa akimnyoosha, mimi nilimshika mzee miguu. Mazishi yakapangwa kesho yake, kwa kuwa kule hakuna chumba cha kuhifadhia maiti, na mimi nikapanda basi kurudi mjini ili niwahi mkutano. Nilitaka waambiwe kwa mdomo, na mtu aliyekuwepo. Nilitaka waje na majoho yao, wamsimamie kaburini kama tunavyomsimamia wakili yeyote.

Nilisoma harusi kwanza, wakapiga makofi. Kisha nikasema mzee wetu amefariki leo alfajiri, anazikwa kesho Sikonge, tunaondoka saa ngapi?

 Mwenyekiti alikohoa. "Msomi," aliniuliza, "umehakikisha?"

Nilimwambia nimemgusa.

"Sikupingi. Ila unajua yaliyotupata. Kafia nyumbani, hakuna daktari aliyeandika. Chama hakiwezi kutoka tena bila hati. Cheti cha kifo kije kwanza, hata Jumatatu, ndipo tutangaze na twende rasmi."

Nikasema Jumatatu atakuwa kaburini. Mmoja akaunga mkono hoja ya mwenyekiti, kisha mwingine, na mikono ikanyooshwa. Wenye aibu kidogo waliangalia simu zao. Nilitoka bila kuaga, nikalia barabarani mbele za watu, dereva wa bodaboda akasimama kuniuliza kama nimeibiwa.

Kesho yake Sikonge nilisimama kaburini na joho langu, peke yangu, jasho likinishuka mgongoni. Majirani walijaa, wanakwaya wa Kimoraviani wakaimba, na mama wa Ulyankulu alikuwa amekuja kwa pikipiki, kafunikwa vumbi. Alilia upya, kwa sauti, kuliko ndugu wote. Mchungaji alipofika kwenye ratiba mahali palipoandikwa salamu za chama cha mawakili, alitazama huku na huku, na mke wa mzee akanigeukia.

"Wenzake wako wapi, mwanangu?"

Sikuwa na nguvu ya kutunga. Nilimwambia wanasubiri cheti.

"Cheti cha nini?"

"Cha kuthibitisha kwamba amekufa, mama."

Aliliangalia jeneza, likiwa bado juu ya kamba. "Si wangekuja tu," alisema, "wakamwona."