Ile Siku Nilikata Ndoa mu Filimu

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni montage: ninakata picha za filimu na kuziunga. Parwasi yetu, parokia ya Katoliki, ilitengeneza filimu ya kuchekesha yenye nyimbo tano. Abbé, padri wetu, akaniambia: "Iko murefu. Punguza kidogo, courant ya umeme itakatika mbele filimu imalizike."

Mimi, fundi mukubwa, nikawaza: bantu banakuya kufuata hadisi, nyimbo ni ya nini? Hata sikuzisikiliza. Nikakata zote tano.

Siku ya kuonyesha, sale, ukumbi wa parwasi, ilijaa. Mama Bwalya alitoka Kasenga na bandugu kumi kuangalia binti yake Mado, mwenye kucheza bibi-arusi. Filimu ikaanza. Mado anasalimia kijana ku mulango. Palepale, Mado iko ananyonyesha mapacha, kijana anafua nguo za batoto.

Mama Bwalya akasimama.

"Mado! Bakwe balikuya kwangu kuleta mahari siku gani?"

"Mama, balikuya mu wimbo!" Mado alilia. "Mbuzi, kanisa, kila kitu tuliimba!"

Abbé akawasha taa. "Nani alivunja hii ndoa?"

Bantu bote bakanigeukia. Nikaomba Mungu courant ikatike. Ile siku tu, ikakataa kukatika.