Vyuo Vitatu Vilivyoniposa

Ujumbe ulipoingia kwenye simu ya baba kwamba nimechaguliwa na vyuo vikuu vitatu, nilipiga kelele hadi mbuzi wa jirani akakata kamba. Nilitakiwa kuchagua chuo kimoja na kutuma namba ya kuthibitisha kabla ya saa kumi jioni kesho yake. Nikichelewa, nafasi wanapewa wengine. Kazi ya dakika moja! Baba akaitia simu mfukoni, akasema kwanza aitwe shangazi.

Kwetu Kituntu, ukoo mzima hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu. Msichana alitoka nyumbani kwa kuolewa tu, na mambo ya posa ni ya shangazi. Kesho yake asubuhi akafika kwa bodaboda kutoka Kihanga, kavaa kitenge chake cha shughuli. Akatafuna punje za kahawa tulizomkaribisha nazo, akasikiliza, akakata shauri: "Hawajibiwi leo."

"Shangazi, mwisho ni leo saa kumi!"

"Ndiyo maana siwaamini. Ukijibu posa harakaharaka, watasema tulikuwa tunatafuta pa kukutupa. Tutajibu baada ya wiki mbili, na tutaanza kwa kukataa."

Jamani! Nilitaka kulia, nikataka kucheka, nikaishia kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Sebuleni baba mdogo alikuwa anachambua wachumba. Chuo cha kwanza kiko mbali mno. Cha pili kipo mji ambao aliwahi kuibiwa baiskeli. Cha tatu, kilichonipa uuguzi, ukoo wake haujulikani.

"Chuo kina ukoo?" nikafoka kutoka jikoni.

"Wewe nyamaza," baba mdogo akanijibu, "huu si wakati wako wa kusema."

Ilipofika saa nane nikamwambia shangazi, basi wapigie hao wa uuguzi uwaulize ukoo wao. Nilisema kwa hasira, yeye akaona nimepata akili. Simu ikapokewa na baba mmoja wa ofisi ya udahili, sauti imejaa mafua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyie ni watu wa wapi?"

"Mama, hapa ni ofisi ya udahili."

"Sikuuliza ofisi. Mnalima nini?"

Akapiga chafya. Kisha akasema nyuma ya bweni wana bustani ya mchicha. Shangazi akatugeukia kwa huruma. Mchicha!

"Na binti yetu akiugua, nani atamwangalia? Akishindwa masomo, mtamrudisha mzima au mtamwacha njiani?"

Hapo yule baba hakucheka. "Mama, hata mimi kwetu nilikuwa wa kwanza kusoma. Nilipofika chuo nililala siku mbili kwenye benchi, sikujua pa kuuliza bweni. Wenu akija aniulizie dirisha la pili. Nitampeleka mwenyewe kwa mlezi wa wanafunzi. Ila naomba jibu leo, saa kumi tunafunga."

"Anaomba," shangazi akatutangazia. "Ana adabu."

Nikashusha pumzi. Kumbe bado! Wakaanza kubishana iwapo ni aibu kukubali posa ya simu, wakati mwombaji hajafika hata getini. Saa tisa na nusu ikapita. Baba anakuna kidevu. Nilikuwa naona uuguzi wangu unakwenda hivihivi, kwa heshima zote.

Ndipo mama akaingia. Tangu asubuhi alikuwa anamenya ndizi za wageni, hakuna aliyemwita. Akafuta mikono kwenye khanga, akachomoa simu kwenye mfuko wa shati la baba, akaniuliza, "Unataka kipi?"

"Cha uuguzi."

"Wifi!" shangazi akashtuka. "Tangu lini binti anaulizwa?"

"Tangu leo. Mimi mliponiposa hamkuniuliza."

Shangazi akatazama sakafu, baba akatazama mlango. Mama akanipa simu ikiwa imejaa utomvu wa ndizi. Vidole vikanata, nikakosea namba mara mbili. Akanisimamia, mkono begani, mpaka ya tatu ikakubali.