Redio Iliyofunikwa Kanga

Mwaka ule Brazil walipolichukua Kombe la Dunia moja kwa moja, wasilirudishe tena, mimi sikuwa na kazi ya kudumu wala sikuitaka. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, kwa sababu sikuweza kukaa kwenye benchi wakati nje kuna meli zinaingia. Nilichuma karafuu Kidichi mpaka msimu ukaisha, nikabeba mchanga Michenzani kulikokuwa kukijengwa majumba marefu, na siku nyingine nikashinda bandarini kuwauliza mabaharia maswali mpaka wakanifukuza. Kulala nililala kwa shangazi yangu, dada wa baba, katika nyumba ya ghorofa ndani ya kichochoro cha Mji Mkongwe. Kichochoro chenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta za pande zote mbili.

Shangazi alikuwa na redio ya mbao, kubwa kama kabati la vyombo, yenye jicho la kijani, taa ndogo iliyokodoa kila stesheni ilipokaa sawa. Mumewe aliinunua zamani ili asikilize habari, lakini wote wawili wakanaswa na michezo. Shangazi hakuwahi kuuona mpira ukichezwa. Masumbwi, mbio, magongo, vyote alivijua kwa masikio tu, na alikuwa na kipaji cha kutabiri mshindi kilichowakera wanaume wote wa baraza ya chini. Mwanzoni mwa mwaka ule alisema Sudan itachukua kombe la Afrika mbele ya Ghana. Walimcheka, na Sudan wakalichukua.

Aliyekereka zaidi alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilikuwa chini ya dirisha la shangazi, na cherehani yake aliiweka nje barazani apate mwanga. Alikuwa rafiki wa mume wa shangazi tangu ujana wao. Kila jioni watu hao watatu walibishana, wanaume wawili barazani na mwanamke nyuma ya dirisha la juu, mpaka cherehani ikasahauliwa na nguo za watu zikachelewa.

Basi masika ya mwaka ule mume wa shangazi akafariki. Shangazi akakaa eda, miezi minne na siku kumi, kavaa nyeupe, hatoki nje, haonani na mwanamume anayeweza kumwoa. Kwa mila ya nyumba ile hata sauti yake haikupasa kufika masikioni mwa mwanamume wa nje. Mimi nikiwa mtoto wa kaka yake, niliruhusiwa. Wifi yake mkubwa, dada wa marehemu, alihamia pale ili kuhakikisha mambo yanakwenda. Alikuwa mwanamke mnene mwenye macho makali, na jambo la kwanza alilolifanya ni kuizima redio na kuifunika kanga.

"Nyumba ya eda haichezi ngoma," alisema.

"Ile si ngoma, wifi," shangazi akajibu. "Ni mpira."

"Mpira una watu wanaopiga kelele. Kelele ni ngoma."

Redio ikakaa pembeni, imefunikwa gubigubi. Wiki za kwanza shangazi alilia kweli, na hakuna aliyefikiria michezo. Lakini baadaye, fundi alipokuwa akikata kitambaa chini ya dirisha, akauambia ukuta kwa sauti kubwa:

"Wee ukuta! Redio ya rafiki yangu inaoza bure huko juu. Si bora waniletee mimi, iwe inasema na watu?"

Shangazi alikuwa akichambua mchele. Aliuacha, akanivuta sikio.

"Shuka ukamwambie. Mwambie hivi: kama ni mwanamume, tushindane kutabiri mashindano makubwa matatu ya mwaka huu. Akinishinda, aje aichukue redio. Nikimshinda mimi, anishonee nguo ya kutokea eda, kwa kitambaa chake."

"Kamari hiyo!" wifi akaruka kutoka jikoni.

"Si kamari. Ni ahadi."

Nilishuka mbio. Fundi aliposikia habari ya kitambaa aliuweka mkasi chini. Siku zile kitambaa kizuri kilikuwa hakionekani, na mtaa mzima ulijua kwamba alikuwa na jora la hariri ya zambarau alilolificha tangu kabla ya Mapinduzi, hata mkewe hakulipata. Kisha akapiga kofi juu ya meza.

"Mwambie nimekubali. Na mwambie aisafishe vumbi kabla sijaja kuibeba."

Nilipolifikisha jibu, shangazi alicheka. Halafu akaitazama ile kanga pembeni, na kicheko kikaisha. "Nimefanya nini, mwanangu?" aliniambia kwa sauti ya chini. "Mume ameondoka, na redio nayo nimeitia midomoni mwa fundi." Hapo nikajua kwamba mimi ndiye nitakayebeba habari, na kwamba kuanzia siku ile nina kazi.

Shindano la kwanza lilikuwa Kombe la Dunia kule Mexico. Fundi alichagua Italia, kwa sababu walikuwa wamewatoa Wajerumani wa Magharibi katika mechi iliyowafanya watu wazima washikane mashati. Siku ya pili yake, Michenzani, nilimpa pole mhandisi wetu Mjerumani. Yeye alitoka Ujerumani ya Mashariki. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Si sisi. Wale." Kisha akaipiga teke ndoo ya saruji ikabingirika mpaka barabarani.

Shangazi alichagua Brazil. Asubuhi baada ya fainali nilikwenda kwa muuza kahawa wa Darajani, aliyekuwa na redio, nikarudi nikiruka vizingiti vya watu. Nne kwa moja! Shangazi alimchungulia wifi, aliyekuwa karibu. Alichukua kikapu ambacho hukiteremsha kwa kamba kununulia mboga, akatia kashata, akakishusha taratibu mpaka mbele ya pua ya fundi.

Fundi alizitazama zile kashata. "Uambie ukuta," alisema akitafuna, "sukari imezidi."

Shindano la pili lilikuwa tenisi ya Waingereza. Hapo fundi alitutenda. Ilikuwa zamu yake kuchagua kwanza, kwani tulikubaliana kuwa aliyeshindwa ndiye atangulie. Akasubiri, akajikohoza, akashona mashati mawili, siku zikapita. Kumbe alikuwa akisubiri wabaki wawili. Siku moja kabla ya fainali akasema, "Mimi nachagua Muaustralia." Nilipanda juu, shangazi akachagua yule mwingine. Nilipokwenda kuuliza kwa muuza kahawa, nikaambiwa kuwa yule mwingine pia ni Muaustralia, kwa hiyo yeyote atakayeshinda, fundi kashinda!

"Mwizi!" shangazi alinong'ona, lakini kwa nguvu kiasi kwamba mate yalinifikia. "Mwambie ni mwizi wa mchana!"

"Fundi, shangazi anakusalimu," nilisema chini.

"Marahaba," alijibu. "Najua salamu zenyewe."

Basi ikawa sare, moja kwa moja, na likabaki shindano moja tu, michezo ya Jumuiya ya Madola kule Scotland. Kwa mujibu wa makubaliano shangazi ndiye aliyepaswa kutangulia, maana ndiye aliyeshindwa mara ya mwisho. Fundi akapinga. Alisema yule aliyeibiwa hakushindwa, na kama shangazi anasema aliibiwa, basi hana haki ya kutangulia. Mimi sijui sheria ilisomewa wapi, lakini baraza nzima ilimshangilia. Fundi akachagua mbio za mita elfu tano, na akamchagua Mkenya.

Nikapanda juu na habari hiyo. Nani asingemchagua Mkenya? Mtaa mzima ulikuwa wa Mkenya. Shangazi mwenyewe alikuwa wa Mkenya. Tangu Olimpiki ya Mexico, Mkenya akipita redioni shangazi alikuwa anapiga vigelegele mpaka paka wanakimbia darini.

"Ananitaka nisimame dhidi ya jirani yangu," alisema. "Ananijua, mshenzi yule."

Nikamwambia anipe siku moja. Nikaenda bandarini kumtafuta baharia mmoja mzee aliyewahi kukaa Glasgow miaka mingi. Nilimuuliza Scotland kukoje.

"Mvua ya kule haianguki," aliniambia. "Inatambaa. Inaingia shingoni, inatokea kwenye viatu. Na wale watu wanaipenda. Mskoti akiona jua anaumwa kichwa."

Nilimletea shangazi maneno hayo kama yalivyo. Akayasikiliza kama anavyosikiliza tajiri anapoambiwa bei. "Mexico ni juu mlimani," alisema polepole. "Mkenya ni mtu wa mlimani. Lakini kule Scotland ni chini, mvua, na watu wa kwao wanapiga kelele." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio wake mweupe. "Mwambie nachagua Mskoti. Mungu anisamehe."

Nilipotangaza, baraza ilizizima, kisha ikalipuka. "Msaliti!" "Kaolewa Scotland!" Fundi alicheka mpaka sindano ikamponyoka mdomoni. Muda wote uliobaki alikuwa akiuambia ukuta mahali atakapoiweka redio: rafu ya kulia, mbali na pasi, ikiangalia mlango.

Jioni ya matokeo nusu ya mtaa ilihamia kwa muuza kahawa. Baada ya sala ya magharibi tukasogea kwenye redio kama nzi kwenye boga. Mtangazaji wa London akasoma habari za mawaziri, akasoma habari za vita, tukamtukana kwa heshima. Hatimaye akafika. Wa kwanza, Mskoti. Wa pili, Mskoti vilevile. Mkenya, wa tatu.

Sijawahi kuona watu wakihuzunika na kucheka kwa wakati mmoja namna ile. Mimi nilikuwa nimeshatoka mbio, na nyuma yangu nasikia makubadhi ya fundi, pata pata pata, na nyuma yake kundi zima. Tulifika kichochoroni pamoja. Nilitaka kupanda ngazi. Sikuweza. Pumzi ilikuwa imekwisha na kicheko kimenijaa, nikakaa kwenye baraza nikitoa sauti kama mbuzi. Fundi naye akajiegemeza kwenye cherehani yake, mkono kifuani, anahema. Kundi limejazana, hakuna anayesema, maana habari ile ilikuwa yangu kuisema.

Dirisha la juu likafunguka kwa kishindo.

"We mwana, sema!" Mimi nikawa bado mbuzi. "Huyu amekufa! Fundi! Fundi we! Nani kashinda?"

Sauti ile ilijaa kichochoro kutoka upande hata upande. Kisha shangazi mwenyewe akaisikia. Tukaona vidole vyake juu ya pau za dirisha, vimeganda. Mjane wa eda, amemwita mwanamume kwa kinywa chake, mbele ya wanaume zaidi ya ishirini, na mitaa ile haina siri. Kufika mtaa wa Malindi habari ingekuwa ameruka dirishani. Ndani tulisikia hatua nzito za wifi zikija.

Fundi akainuka. Akajifuta jasho, akatazama juu, lakini si kwenye dirisha. Alitazama nyumba ya jirani.

"Jamani, hebu punguzeni redio!" alisema. "Watu wana eda hapa!"

Vichwa vyote vikageukia nyumba ya jirani. Kisha muuza maji akasema, "Kweli, kali sana redio hiyo." Na mwingine, "Mimi mwenyewe nimeisikia. Stesheni gani ile?" Na baraza nzima ikaanza kulalamika juu ya redio za siku hizi, jinsi zinavyopiga kelele.

"Redio nzuri lakini," fundi akaendelea, sasa akivuta kiti chake. "Redio kama hiyo haihamishwi. Ibaki palepale ilipo."

Wifi alitokea dirishani, yeye peke yake, kaziba dirisha lote. Alitutazama mmoja mmoja. Sisi tukatazama viatu vyetu.

"Na hiyo redio," alisema, "imeshaambiwa nani kashinda?"

"Mskoti, bibi," fundi akajibu.

Wifi akafunga dirisha. Halafu tukasikia huko ndani wanawake wawili wanacheka, mmoja kwa sauti nyembamba ya kujizuia, mwingine kwa ile sauti nzito ambayo sikujua kama anayo, na wa pili ndiye aliyechelewa kuacha.

Nguo fundi aliishona kwa kipimo cha gauni kuukuu nililompelekea, kwa sababu yeye mwenyewe hangeweza kumpima. Jora la zambarau lilitosha nguo na mtandio, na kipande kilichobaki akampa mkewe, ambaye alimwuliza mbele ya watu wote alikuwa amekificha wapi miaka yote ile. Siku ya kutoka eda shangazi alikoga, akafukizwa udi, akavaa. Wanawake walijaa nyumba nzima. Kabla hajala hata tende, alikwenda pembeni, akaivua redio ile kanga na kuiwasha. Jicho la kijani likafumbuka taratibu, likatutazama.

Kisha akafungua dirisha.

"Fundi!" aliita. "Magongo, michezo ya Asia inakuja. India au Pakistan?"

Cherehani ikasimama.

"Naam, redio!" alijibu fundi.