Divai ya Miaka Ishirini Mbele ya Wakwe

Jumamosi tulimsindikiza kijana wetu kupeleka mahari Naro Moru. Badala ya muratina, pombe ya asali ambayo wazee huonja kabla ya kufungua mazungumzo, alibeba port, divai tamu iliyokaa kwenye pipa hadi ikawa na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa.

Msemaji wa wakwe akainusa, akaizungusha mdomoni, akafumba macho. Kijana alikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena.

"Hii imeiva," mzee akasema. "Imekaa miaka mingapi?"

"Ishirini, mzee."

"Na wewe umemjua msichana wetu miaka mingapi?"

"Miezi... saba."

Mzee akaitazama glasi, kisha akamtazama kijana, muda mrefu.

Chupa ilibaki kwa wakwe. Sisi tuliambiwa turudi tukikomaa.